Alama za Mizinga ya Kaka

Walisema sitaweza. Naanza na hilo kwa sababu wengi waliolisema wangali hai, na wakisomewa ukurasa huu watajijua.

"Huyu amekula mkate wa Wazungu miaka minne," alisema balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mwenye baiskeli pekee iliyokuwa na kengele inayolia. "Mara ya kwanza atakwenda kumwona ndugu yake gerezani kwa huruma. Mara ya pili atakwenda kwa aibu. Mara ya tatu mtasikia ana mafua."

"Na mizinga je, mzee?" akauliza mwingine.

"Mizinga! Nyuki waliwahi kuogopa diploma?"

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga togwa. Nami nilikuwepo palepale, nimekalia kigoda, nimevaa viatu vya ngozi ambavyo hakuna aliyekuwa navyo kutoka Itigi hadi Rungwa. Nilikwishajifunza kwamba mtu akikwambia hutaweza, amekupa kazi ya kufanya.

Niseme mimi ni nani. Mimi ndiye mtu wa kwanza wa upande wetu kupata diploma ya upimaji ardhi. Hakuna serikali wala misheni iliyonishika mkono tangu mwanzo. Nilikata mkonge Kilosa ili nilipe ada ya shule ya kati. Nilifagia ofisi ya wapimaji kabla sijaruhusiwa kugusa chombo chao hata kimoja, na bwana mmoja aliponikuta nakisoma kitabu chao badala ya kukifuta vumbi, ndipo mlango ulipofunguka. Nafasi za kusoma Bulgaria zilipotangazwa, tulikwenda watatu kutoka ofisi ile. Wenzangu wawili walirudi kabla theluji ya kwanza haijayeyuka. Mimi nilibaki, nikajifunza lugha yao kwa msimu mmoja wa baridi, nikatoka na diploma yenye muhuri mwekundu. Sijisifu. Ningetaka kujisifu ningeeleza na alama nilizopata.

Nilirudi kwa treni, nikashuka Itigi na sanduku moja na koti zito la baridi, refu mpaka kwenye magoti, nililoshindwa kuliacha kwa sababu lilikuwa mali. Kaka yangu alikuwa ameniahidi kwa barua, aliyoandikiwa na mwalimu, kwamba atanisubiri stesheni. Niliangalia jukwaa lote. Hapakuwa na kaka. Nilikaa juu ya sanduku mpaka abiria wote wakaisha, kisha nikaomba lori lililokuwa likienda upande wa Rungwa.

Nyumbani, shemeji yangu alinipa maji ya kunywa kwanza. Aliniacha nimalize kata nzima.

"Kaka yako amefungwa," akasema. "Wiki ya pili hii. Walimkuta ndani ya pori la akiba na nyama ya pofu. Miaka mitatu."

Kosa alilifanya, swala yule mkubwa hawindwi bila kibali. Sitapoteza wino kumtetea, na yeye mwenyewe hakujitetea. Lakini ni yeye aliyenilea baada ya baba kufariki, na alinilea kwa asali. Kwetu mahindi yanaweza kukataa miaka miwili mfululizo, mizinga haikatai. Kaka alikuwa na njia yake ya mizinga, mwendo wa siku moja na nusu msituni, ikipita kwenye miyombo na mininga. Na desturi ya kwetu ni hii: mzinga wenye alama ya mtu hauguswi, lakini ukipita misimu miwili bila mkono wa mwenyewe au wa nduguye kuusafisha na kuufukizia moshi, huo ni mzinga yatima. Anayeufikia wa kwanza anaufuta alama na kuweka yake, na hakuna baraza litakalomkemea. Kaka alikuwa na miaka mitatu. Mtu wa miaka yake akitoka gerezani na kukuta njia imekatwa na wengine, hatapanda upya miti kutundika mizinga. Atakuwa mtu wa kulimia wenzake mashamba mpaka afe.

Kwa hiyo nilipowaambia wale wazee kwamba nitakwenda gerezani kila mwezi na mizinga nitaitunza mwenyewe, wakacheka kama nilivyoeleza. Ila balozi, alipomaliza kucheka, alinikabidhi baiskeli yake.

"Shikamoo, mzee, nimeshukuru," nikasema.

"Marahaba. Usishukuru. Nakuazima ili nione utairudisha baada ya safari ngapi."

*

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Baiskeli mpaka Itigi, siku nzima, mbung'o wakiniuma mgongoni kupitia shati. Itigi nililala kwa mama mmoja ambaye mumewe alikuwa wa gangi ya kutengeneza reli. Alikuwa akipika ugali wa uwele kwa ajili ya wafanyakazi, na tangu siku ya kwanza nilipomweleza ninakokwenda alinitengea sahani na mkeka na akakataa kunisikia nikitaja malipo. "Utalipa atakapotoka," alisema. Asubuhi treni mpaka Manyoni, kisha basi. Basi lilikuwa likisimama Issuna, abiria wananunua karanga na viazi, halafu linapanda kwenda Singida mjini, kule ambako mawe makubwa yamelala juu ya mengine kama magunia yaliyoshushwa ovyo.

Mara ya kwanza niliingia gerezani nimevaa koti langu. Nilitaka askari waone kwamba mfungwa huyu ana ndugu wa maana. Kaka aliletwa upande wa pili wa wavu. Kaptula ya gereza ilikuwa fupi kwake. Hatukuwa tumeonana miaka minne.

"Umenenepa," akasema.

"Ni koti, kaka."

"Koti la nini na jua hili?"

"La theluji."

"Theluji iko wapi Singida?" Akaniangalia, akatabasamu kidogo, kisha uso ukamshuka. "Samahani. Nilisema nitakuja stesheni."

"Achana na stesheni."

"Mizinga nani anaiangalia?"

"Mimi."

Kaka alicheka kwa sauti mpaka askari aliyesimama pembeni akageuka. "Wewe? Wewe uliyekuwa unakimbia inzi?"

"Nifundishe."

"Hapa?"

"Tuna dakika ngapi, afande?" nikamuuliza askari.

"Kumi na tano. Mbili umezimaliza kwa koti."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kurina asali: kupitia wavu wa chuma, robo saa kwa mwezi, mwalimu wangu akiwa amefungwa na askari akisikiliza. Namna ya kufunga mwenge wa majani mabichi juu ya makavu. Namna ya kupanda ukiwa upande usiopata upepo. Namna ya kuacha masega ya nyuma ili nyuki wasihame kwa hasira. "Usiwe mchoyo wala usiwe mwoga," aliniambia. "Mwoga anatia moshi mwingi, asali inanuka jiko."

Hapo ndipo koti langu lilipopata kazi. Nililivaa msituni, nikalifunga kiunoni kwa kamba, nikaziba mikono kwa vitambaa, nikajifunika kichwa kwa gunia. Shemeji aliponiona alikaa chini akashika mbavu. Lakini koti lile lililoshonwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya halikupenyeka na mwiba wa nyuki hata mmoja. Walioniuma ni wale walioingia kwenye kola. Mwezi wa pili nilikwenda gerezani mdomo wa juu umevimba, kaka akanitazama kwa furaha ambayo sijawahi kumwona nayo.

"Sasa nakuamini," akasema.

Madebe ya kubebea asali niliazimwa na Mhindi mmoja mwenye duka Itigi, aliyekuwa akinunua nta kwa kaka tangu zamani. Alinipa madebe sita na vifuniko vyake, akaniandalia na kipande cha sabuni cha kumpelekea. "Kaka yako hajawahi kunichanganyia maji kwenye asali," alisema. "Akitoka, nataka nta yake kabla ya mtu mwingine. Hiyo tu." Mwezi wa tatu sikuwa na mafua. Wala wa nne. Nilipata kazi ya upimaji wilayani, nikawaeleza wakubwa wangu kwamba siku tatu za kila mwezi si zangu, wakanung'unika, wakazizoea.

Kati ya safari na safari niliandika barua. Kaka hakujua kusoma. Mfungwa mwenzake aliyewahi kuwa karani ndiye aliyekuwa akimsomea.

*

Kisha ikaja operesheni ya vijiji. Nyumba zetu zilikuwa zimetawanyika msituni, hii hapa na nyingine mwendo wa saa moja, na serikali ilitaka watu wakae pamoja barabarani, karibu na shule na zahanati. Nami nilikuwa mpima. Mimi ndiye niliyevuta mnyororo wa kupimia viwanja vya kijiji chetu kipya, na mistari yangu imenyooka mpaka leo, nenda uangalie. Mwezi ule watu walilia pia, sitaficha. Boriti za nyumba ya kaka tulizibomoa wenyewe, mimi na shemeji, tukazibeba kwa mkokoteni kabla mvua hazijafika, na ile nyumba aliyoijenga kwa mikono yake ikabaki mafiga matatu na majivu.

Shemeji nilimpa kiwanja cha mwisho kabisa, pale ambapo njia ya mizinga inaanzia kuingia msituni. Nilikichagua makusudi. Kaka akitoka, ataamka na kuiona njia yake mlangoni.

Lakini sikumwambia. Hapo ndipo diploma yangu iliponidanganya. Nilijiona mtu mwerevu. Nikasema mfungwa asipewe habari ya nyumba kuvunjwa, atakosa usingizi, nitamweleza atakapotoka, naye atakuwa amesimama mbele ya nyumba mpya. Miezi minne nilikwenda nikamwambia, "Nyumbani hatujambo, kila kitu kiko vilevile." Na yeye alikuwa akiniuliza kila mara, "Ule mti wa uani umetoa maua?" nami nikajibu, "Umetoa." Ule mti tulikuwa tumeuacha kule peke yake.

Mwezi wa tano wa uongo huo nilifika nikiwa na sabuni na habari za msimu mzuri. Nilisubiri kwenye benchi. Askari akarudi peke yake.

"Anasema hana mgeni."

"Mwambie ni mdogo wake."

"Nimemwambia. Anasema hana mdogo." Yule askari alikuwa ametuzoea, akashusha sauti. "Wiki iliyopita ameletwa mfungwa wa kutoka kwenu. Amemwambia kijiji kimehama, nyumba yake imebomolewa. Tangu hapo hali chakula vizuri. Anasema kama umemdanganya nyumba, umemdanganya na mizinga."

Nilirudi na sabuni yangu mfukoni. Basi liliposimama Issuna sikushuka. Itigi yule mama wa gangi aliniwekea sahani, akaona siigusi, akaketi mbele yangu.

"Amekufa?"

"Hapana, mama. Amenikataa."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, wewe msomi. Mwandikie ukweli."

"Nani atamsomea? Yule karani. Na maneno yangu yote yalipita kwa karani huyohuyo. Hataamini tena neno linalotoka mdomoni mwa mwingine."

"Basi mwandikie kitu ambacho hakihitaji mdomo wa mtu."

Alisema tu hivyo, akaenda kuosha vyungu. Mimi nilikaa macho nikilizungusha neno lile kichwani, na lilipokaa sawa niliona aibu kwamba mtu wa vyungu ameliona kabla yangu.

Kila mzinga wa kaka ulikuwa na alama mbili zilizochongwa. Ya juu ya ukoo wetu: mistari miwili ya kulala na duara. Ya chini ya mzinga wenyewe: mguu wa ndege, mwezi mchanga, meno ya msumeno, jembe. Kaka alizijua kama mzazi ajuavyo majina ya watoto wake. Tena warina asali wa kwetu wakipita chini ya mzinga huandika kwa mkaa kwenye gome la mti ili mwenzao ajue: nukta nukta ni nyuki wamo; msalaba ni mzinga mtupu; mikwaruzo minne ni nyegere, mnyama mwizi wa asali, amepita. Huo ndio ulikuwa usomi wa kaka, na ulikuwa mkubwa kuliko nilivyowahi kuuhesabia.

Niliingia msituni nikaitembelea yote upya, mzinga kwa mzinga, koti mwilini na karatasi kifuani. Kisha nikachora. Njia, vijito, miti, na kila mzinga kwa alama yake na hali yake, bila kupamba. Wa mguu wa ndege uligeuka mlango kwa upepo, nikauchora umegeuka. Wa jembe ulikuwa umeliwa na nyegere, nikaweka mikwaruzo minne, ingawa nilitamani kuuruka. Nyumba ya zamani nikaipiga msalaba. Na pale njia inapoanzia, nikachora mafiga matatu na moshi. Hakuna neno hata moja kwenye karatasi ile.

Lakini mpima ni mpima. Sikuweza kuiacha ramani uchi. Nikaweka mshale wa kaskazini, nikaweka nyuzi za pembe ya kila kona, nikaweka na kipimo cha umbali chini. Nikaituma kwa posta.

*

Badala ya jibu la kaka niliitwa na Bwana Jela, mkuu wa gereza lile.

Alikuwa mtu mnene, mtulivu, miwani kwenye ncha ya pua. Ramani yangu ilikuwa mezani, imekandamizwa na kijiwe kila pembe.

"Wewe ndiye uliyechora hii?"

"Ndiyo, afande. Mimi ni mpima. Nina diploma ya—"

"Sikukuuliza diploma. Huu mshale ni wa nini?"

"Unaonyesha kaskazini, afande."

"Mfungwa anahitaji kaskazini ya nini?"

Nikasogea mezani nimwelekeze, akauziba mshale kwa kidole.

"Na hizi nyuzi? Na hivi vipimo? Na hii njia inayoishia kwenye moshi?" Akavua miwani. "Ndugu, nimefanya kazi hii miaka mingi. Ramani ya siri naijua. Huyu mtu amebakiza mwaka na kitu. Unataka kumwongezea?"

Jasho lilinitoka chini ya koti. Niliona kwa macho yangu kaka akiongezewa kifungo kwa ajili ya mshale wangu wa kaskazini.

"Ni mizinga, afande. Mizinga yake ya nyuki."

"Mizinga. Nieleze."

Nikamweleza alama moja moja, upi una nyuki na upi hauna. Alikuwa akiandika kwenye kijitabu.

"Mizinga yote ni mingapi?"

Hapo nikasita. Kwetu mizinga haitajwi idadi kwa mdomo. Ukiihesabu kwa sauti umewaonyesha nyuki mlango wa kuhama. Mimi ni mtu wa sayansi, siamini mambo hayo. Lakini ilikuwa mizinga ya kaka, haikuwa yangu.

"Ipo, afande."

"Ipo mingapi?"

"Ipo tu."

Akafunga kijitabu. "Simama kule pembeni. Usitoe sauti. Hata ukikohoa nitaandika." Akamwita askari. "Mlete."

Kaka aliingia, akaniona, akageuza uso ukutani. Alikuwa amekonda. Bwana Jela akamsogezea karatasi.

"Barua yako hii. Isome."

"Sijui kusoma, afande."

"Itazame."

Kaka aliinama. Mwanzoni alitazama kama mtu anayetazama kitu cha wengine. Kisha kidole chake kikatoka, kikakaa juu ya mwezi mchanga. Kikasogea.

"Huyu yumo," akasema polepole. "Huyu wa kijitoni yumo. Huu... ee, mlango umegeuka. Kila mwaka unageuka huu, nilimwambia baba mti ule una upepo mbaya." Kidole kikakimbia. "Huu mtupu. Huu yumo. Jembe limeliwa na nyegere! Mshenzi huyu nyegere, nilimtegea kabla sijakamatwa." Alikuwa ameshasahau kwamba yuko ofisini. Akafika kwenye msalaba wa nyumba ya zamani, akatulia. Kisha kwenye mafiga matatu na moshi.

"Hapa ni wapi?" akauliza, na hakuwa akimuuliza Bwana Jela.

Nilimtazama mzee wa miwani. Akainamisha kichwa kuniruhusu.

"Ni kwako, kaka. Shemeji yuko hapo. Ukifungua mlango unaiona njia. Nilipaswa kukwambia."

Kaka aliendelea kukiweka kidole pale penye moshi.

"Mizinga yote ni mingapi?" Bwana Jela akamuuliza ghafla.

"Ipo, afande," kaka akasema.

Bwana Jela alicheka, tumbo likasukuma meza. Akafungua kijitabu chake, akalinganisha mstari kwa mstari, kisha akachukua kalamu nyekundu na kuufuta mshale wangu wa kaskazini mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Nyuzi nazo akazifuta, na kipimo.

"Sasa ni barua," akasema, akampa kaka. Kisha akanigeukia. "Mwezi ujao leta nyingine. Bila diploma."

Tulipotoka mlangoni kaka alinipita karibu. "Mti wa uani," akanong'ona, "ulitoa maua kweli?"

"Sijui, kaka. Nilikudanganya."

"Haya. Kaangalie."

Nilikwenda kuangalia. Ulikuwa umetoa. Mwezi uliofuata nilimchorea maua, na hakukataa kuniona tena hata siku moja.

*

Kuanzia hapo alijiandikisha kwenye kisomo cha watu wazima humo gerezani. Alimwambia mwalimu wake kwamba alama anazo nyingi tayari, anataka tu kuongeza nyingine. Barua yake ya kwanza kwa mkono wake ninayo hadi leo. Herufi ni kubwa kama kunguni walioshiba, na ina sentensi tatu: yeye hajambo, nimsalimie mke wake, nisitie moshi mwingi.

Walimpunguzia kifungo kwa mwenendo mzuri. Alitoka kiangazi, wiki chache kabla ya kurina, na asubuhi yake ya kwanza kijijini alisimama mlangoni na kikombe cha uji, akaitazama njia, akaingia msituni kabla uji haujapoa. Msimu ule tulirina pamoja. Hakuna mzinga hata mmoja uliokuwa umefutwa alama.

Siku niliyowalipa wote walioniazima tulianza alfajiri kwa balozi. Nilimrudishia baiskeli ikiwa na tairi mpya mbele na nyuma, na kidumu cha asali kwenye karia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Safari ngapi?"

"Kila mwezi, mzee, isipokuwa mmoja wa mvua, daraja lilipochukuliwa na maji."

Akapiga kengele ya baiskeli, akasikiliza. "Inalia bado," akasema. Kisha kwa sauti ya chini: "Nilisema mara tatu, siyo? Mdomo wangu huu." Akaingia ndani na kidumu chake kabla sijajibu, na nilikuwa na jibu zuri sana.

Lori likatupeleka Itigi. Mwenye duka alipokea madebe yake sita, yote yamejaa, na nta ya kwanza kama alivyoomba. Alichovya kidole, akapita kila debe, akasema hakuna maji. Mama wa gangi tulimletea asali na gunia la uwele, kaka akapiga magoti kumwamkia, naye akamwinua akampa sahani ya ugali aliyokuwa ameitenga. "Hii ndiyo ya mwisho ya bure," akasema.

Alikuwa amebaki mmoja. Nilimwambia kaka tupite stesheni.

Nimeandika hapo juu kwamba nilijisomesha mwenyewe, na ni kweli, mkonge niliukata kwa mikono hii. Lakini nauli ya kwenda Kilosa kuukata ilitoka kwenye debe moja la asali, ambalo kaka aliliuza palepale kwenye jukwaa lile kwa abiria, kikombe kwa kikombe, treni ikipiga honi. Halikuwa la kupewa. Alisema, "Hili nimekukopesha." Nililikumbuka Bulgaria kila nilipopita mtihani.

Mwaka wake wa mwisho gerezani nilikuwa nimetundika mzinga wangu mmoja, mwishoni mwa njia yake, kwa alama ya ukoo na chini yake mshale. Debe nililokuwa nimelibeba tangu asubuhi lilitoka humo. Nikaliweka miguuni pake, jukwaani.

"Hili la nini?"

"La Kilosa."

Akaangalia reli upande wa mashariki, kuelekea Kilosa, zilivyonyooka. Kisha akafungua kifuniko, akavunja kipande cha sega, akatafuna taratibu, macho ameyafumba kama afanyavyo akitaka kujua asali imetoka kwenye mti gani.

"Moshi umezidi," akasema, akavunja kipande kingine.